Kilomita Tatu za Kujifunzia: Namna ya Kuisoma Civil 3D Hadi Uaminike Kwenye Usanifu wa Barabara

Kila mwaka vyuo vyetu, kuanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi MUST Mbeya, DIT na Chuo cha Ufundi Arusha, vinatoa wahandisi na mafundi sanifu walioandika kwenye wasifu wao kwamba wanaimudu Civil 3D. Wengi wanavijua vitufe vyake kweli. Lakini mpe mmoja wao faili la pointi la sevea aliyerudi jana kutoka uwandani, mwambie unataka kiasi cha kifusi ifikapo Ijumaa, utamwona anavyohangaika. Pointi hazikai juu ya picha ya satelaiti, uso wa ardhi umetoboka mashimo yasiyo na mwisho, na yeye hajui aanzie wapi.

Kijana huyo hana lawama kubwa. Kozi za siku tano hufundishwa kwa data ambayo mwalimu ameshaisafisha, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeikanyaga. Unabofya anapobofya, barabara inatokea kwenye kioo, unapewa cheti. Hizo kozi sizikatai, zinafungua mlango. Anayetaka kuaminika kazini anahitaji kitu kingine: barabara moja ya kweli, fupi, anayoweza kuifikia kwa miguu, aisanifu mwenyewe kuanzia pointi za sevea hadi vigingi. Kilomita tatu zinatosha.

Nimeichagua Civil 3D ya Autodesk kwa sababu faili za DWG ndizo zinazozunguka zaidi baina ya wahandisi washauri, wakandarasi na halmashauri. Ukikutana na OpenRoads Designer ya Bentley, 12d Model ya Australia au Civil Designer ya Afrika Kusini, majina ya vitufe yatabadilika, lakini mtiririko wa kazi ni uleule.

Hatua ya 1: Tafuta barabara, kaitembee

Chagua barabara ya udongo iliyo chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, karibu na unapoishi. Iwe na angalau mlima mmoja, kijito kimoja, makutano ya njia na nyumba za watu pembeni. Itembee yote kwa daftari na simu, na ukiweza kaitembee tena baada ya mvua kubwa.

Andika kila unachokiona: malori yanakwama wapi, udongo mweusi wa mbuga unaanzia na kuishia wapi, watoto wanavukia wapi kwenda shule, bodaboda wanaegesha wapi, akina mama wanauzia nyanya wapi. Tafuta alama za maji kwenye kuta na mashina ya miti. Waulize wazee maji yalifika wapi wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, maana wengi wanakumbuka na watakuonyesha kwa kidole. Daftari hili utalifungua katika kila hatua inayofuata, kwa sababu programu haina namna ya kujua kwamba udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wewe ndiye unayepaswa kuiambia.

Hatua ya 2: Kompyuta na leseni

Civil 3D inaendeshwa kwenye Windows. Kumbukumbu ya GB 16 ndiyo ya kuanzia, na ukipata 32 utafanya kazi kwa raha. Mwanafunzi anaweza kuomba leseni ya elimu ya Autodesk, ambayo ni ya bure na huhuishwa kila mwaka, lakini hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa. Achana na programu za wizi. Mradi wa serikali hausimami juu ya faili ambalo mwenyewe unaogopa kuulizwa lilivyotengenezwa.

Hatua ya 3: Hakikisha barabara iko mahali pake duniani

Kozi nyingi hulipitia jambo hili kwa dakika chache, na hapa ndipo miradi mingi inapopinda kabla haijaanza.

Ramani na alama nyingi za upimaji Tanzania, Kenya na Uganda ziko kwenye mfumo wa Arc 1960. GPS ya simu na picha za satelaiti ziko kwenye WGS 84. Pointi ileile ikisomwa kwa mifumo hii miwili, tofauti ni takriban mita 300, sehemu kubwa ikielekea kaskazini na kusini. Mita 300 ni kijiji kizima. Zaidi ya hapo, Tanzania ina mfumo mpya wa TAREF11, kwa hiyo usikisie hata siku moja. Muulize sevea kwa maandishi: mfumo gani, zoni gani, benchimaki gani, na vimo vimeanzia wapi.

Zoni nazo zina mtego wake. Zoni ya 36 inaishia kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, na ya 37 inaanzia hapo. Jiji la Dodoma liko zoni ya 36, Morogoro iko zoni ya 37, na mpaka unapita mashariki ya Dodoma. Anayesanifu barabara inayovuka mpaka huo lazima aamue mapema kufanya kazi yote kwenye zoni moja.

Kwenye mipangilio ya mchoro, kabla hujaingiza hata pointi moja, chagua kipimo cha mita, kisha mfumo wa koodineti: Arc 1960 UTM zoni 37 Kusini ina namba 21037 kwenye orodha ya EPSG, na WGS 84 ya zoni hiyohiyo ni 32737. Hapohapo tafuta mpangilio wa upande wa kuendesha na uweke kushoto. Programu imetengenezwa Marekani, wanakoendesha kulia.

Jambo la mwisho la hatua hii: UTM hubadilisha urefu. Kwenye mstari wa katikati ya zoni, kilomita moja ya ardhini huonekana mita 999.6 kwenye mchoro. Kwa mtaro wa mita 50 hilo si kitu, ila kwa barabara ya kilomita 60 ni mita kadhaa za lami. Kubaliana na sevea ni urefu upi utakaotumika kupigia vigingi.

Hatua ya 4: Jenga uso wa ardhi, kisha uutilie shaka

Pata pointi za kweli. Ukiwa kazini, omba faili la mradi wa zamani. Ukiwa chuoni, shirikianeni na wenzenu wa upimaji mpime ukanda wa upana wa mita 40 hadi 60. Faili huwa na safu tano: namba ya pointi, umbali wa kaskazini, umbali wa mashariki, kimo na maelezo. Lifungue kwanza kama maandishi ya kawaida. Kama kaskazini na mashariki zimebadilishana nafasi utaona mara moja, kwa kuwa kusini ya ikweta namba za kaskazini huwa na tarakimu saba na za mashariki sita.

Programu huunganisha pointi kwa pembetatu. Zikiachwa zenyewe, pembetatu hizo hudanganya kwa namna tatu. Ya kwanza ni pointi zenye kimo cha sifuri, ambazo hutokea sevea asipoandika kimo, nazo huchimba shimo hadi usawa wa bahari. Iambie programu iache vimo vyote vilivyo chini ya kiwango unachokijua cha eneo lako. Ya pili ni pembetatu ndefu za pembeni, zinazoruka kona na kuunganisha ardhi ambayo hakuna aliyeipima. Weka ukomo wa urefu wa upande, kisha chora mpaka wa eneo lililopimwa.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haionekani kwa haraka. Sevea amepima ukingo wa juu wa mtaro na sakafu yake, lakini pembetatu zimevuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na kuufukia mtaro wote. Dawa yake ni kuchora mistari inayofuata kingo na sakafu, ukaiingiza kama mistari ambayo pembetatu haziruhusiwi kuivuka. Fanya hivyo kwa kila ukingo wa barabara, mtaro, kingo za mto na miguu ya matuta. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Ukimaliza, chora kontua za nusu mita na uzilinganishe na daftari lako. Pale ulipoandika kwamba maji yanatuama, kontua zionyeshe bonde. Zikionyesha kilima, amini miguu yako na urudi kwenye pointi.

Data za bure za SRTM, zilizokusanywa kutoka angani Februari 2000, zina nukta moja kwa takriban kila mita 30. Zitumie kujua ukubwa wa eneo linalomwaga maji kwenye kijito chako. Usizitumie kukokotoa kifusi.

Hatua ya 5: Mstari wa kati

Kabla ya kuchora, hesabu kwa kalamu. Nusu kipenyo kidogo kabisa cha kona ni V² ÷ [127 × (e + f)], ambapo V ni kasi ya usanifu kwa kilomita kwa saa, e ni mwinamo wa lami kwenye kona, na f ni msuguano wa pembeni wa matairi. Chukua kasi ya 80, mwinamo wa asilimia 6 na msuguano wa 0.14: 6,400 ukigawanya kwa 25.4 unapata mita 252. Sasa punguza kasi iwe 40, msuguano uwe 0.17: unapata mita 55. Kasi imepungua nusu, kona imebana zaidi ya mara nne. Ukizielewa namba hizo mbili, umeelewa kwa nini barabara ya Mombo hadi Lushoto imejikunjakunja vile, na kwa nini huwezi kuisanifu kwa kasi ya 80 bila kuuchana mlima wa Usambara.

Civil 3D inakuja na majedwali ya AASHTO ya Marekani. Itakubali kona yako au kuikataa kwa vigezo vya huko. Tengeneza faili lako la vigezo kutoka kwenye mwongozo wa usanifu wa kijiometri wa Wizara ya Ujenzi wa 2011, ukiandika thamani moja moja kwa mkono wako. Kuandika huko ni mafunzo tosha. Utajikuta unauliza kwa nini namba hii na si ile, na jibu utalitafuta.

Kisha washa picha ya satelaiti chini ya mstari. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na kila Mtanzania anajua maana ya alama ya X iliyopigwa ukutani. Barabara yako ya zoezi ni ya wilaya na hifadhi yake ni nyembamba zaidi, lakini zoea kuhesabu nyumba, makaburi, visima na miembe iliyo ndani ya ukanda wako. Sogeza mstari mita 5 kushoto, hesabu tena. Mara nyingi kona laini kidogo upande wa shamba tupu huokoa nyumba tatu. Hakuna kitufe cha kazi hiyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo msanifu anapotengana na mchoraji.

Hatua ya 6: Mlima na bonde

Hapa unachora longiseksheni: ardhi ilivyo sasa na barabara itakavyopita juu au chini yake. Shika kanuni moja, L = K × A. A ni tofauti ya miteremko miwili kwa asilimia, K ni kiwango cha ulaini wa mpindo, L ni urefu wake. Gari linapanda kwa asilimia 4, likishafika kileleni linashuka kwa asilimia 3. A ni 7. Kwa kasi ya 80, AASHTO inatoa K ya 26 kwa kilele, basi mpindo uwe na mita 182.

Hiyo 26 inatoka kwa dereva ambaye jicho lake liko mita 1.08 juu ya lami na anatakiwa kukiona kitu chenye kimo cha mita 0.60, sawa na taa za nyuma za gari, akiwa umbali wa mita 130. Sasa fikiria barabara zetu. Lori likiharibika kileleni, utingo anakata matawi na kuyalaza barabarani ili kuwaonya wanaokuja. Tawi halifiki mita 0.60. Vilevile mawe yanayoachwa nyuma ya tairi baada ya lori kuondoka. Ikiwa ardhi inaruhusu na kifusi hakizidi sana, ongeza K. Usiridhike na kiwango cha chini eti kwa sababu programu haijawasha alama ya onyo.

Kwenye udongo wa mbuga, nyanyua barabara juu ya tuta. Kwenye mikato ya mlima, angalia mtaro usilale bapa: mteremko wa chini ya asilimia 0.5 hujaza mchanga haraka. Na mwisho wa mpindo wa bonde usikae juu ya kona kali, maana dereva hushuka akiwa na kasi asiyoijua.

Hatua ya 7: Kroseksheni na korido

Hatua hii huwavutia wengi kwa sababu barabara inainuka kwenye kioo. Kwa zoezi, weka njia mbili za mita 3.25, mabega ya mita 1.5, mteremko wa lami wa asilimia 2.5 kutoka katikati, tuta lenye ubavu wa wima 1 kwa mlalo 2, na mtaro upande wa mkato. Korido ikishajengwa, pita kroseksheni moja moja kwa macho yako. Kwenye kona iliyobana, tazama upande wa ndani kama mikato imevukana kama mkasi. Tazama pia kama ubavu wa tuta umeigusa ardhi kweli, au umeishia hewani kwa sababu upimaji uliishia karibu. Katika hali hiyo ya pili mrudishe sevea porini, usiinyooshe ardhi kwa kubuni.

Hatua ya 8: Maji na kifusi

Kwa kijito, anza na kanuni rahisi ya maeneo madogo: Q = C × I × A ÷ 360. C ni sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi, I ni ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, A ni hekta. Eneo la hekta 50, C ya 0.4, mvua ya milimita 90 kwa saa: mita 5 za ujazo kila sekunde. Bomba moja la kipenyo cha milimita 900, maji yakifika usawa wa juu wa mdomo wake, hupitisha takriban mita moja ya ujazo kwa sekunde. Hapo unajua unahitaji kalvati la boksi au mabomba kadhaa, na unalinganisha na pale wazee walipokuonyesha kwa kidole.

Kifusi, programu hukokotoa kwa sekunde chache. Usiipeleke namba hiyo kwa mtu yeyote kabla hujachagua vipande vitatu na kuvihesabu kwa mkono. Eneo la mkato kwenye 0+100 ni mita za mraba 6.4, kwenye 0+120 ni 8.0. Wastani ni 7.2, umbali ni mita 20, jibu ni mita za ujazo 144. Jedwali likikupa 144 au karibu yake, songa mbele. Likikupa 310, kuna uso uliochaguliwa vibaya. Kumbuka pia kwamba udongo uliokatwa ukishindiliwa hupungua. Mkandarasi atadai tofauti hiyo kutoka machimbo ya kifusi, na BOQ yako ndiyo itakayobeba aibu au heshima.

Hatua ya 9: Rudi barabarani na mstari wako mkononi

Toa orodha ya koodineti za mstari wa kati kila mita 20 kwenye sehemu zilizonyooka na kila mita 10 kwenye kona. Toa pia faili la LandXML ambalo totali steshoni na programu nyingine hulisoma. Ukipata sevea wa kukusaidia, pigeni vigingi vya mita 200 tu. Usipompata, geuza mstari uwe KML, uweke kwenye simu na utembee nao. Simu hukosea kwa mita kadhaa, lakini itakuonyesha vizuri mstari unapita sebuleni kwa nani.

Sasa ndipo ukachukue kozi, kama bado unaihitaji. Muulize mwalimu kama atakubali mfanye kazi kwenye data yako. Akikataa, tafuta mwingine. Mtihani wa Autodesk Certified Professional nao utaufanya ukiwa na kitu kichwani. Aliye kwenye SEAP, mpango wa miaka 3 wa mafunzo kazini wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ana nafasi nzuri zaidi: msimamizi wake ni mhandisi aliyesajiliwa.

Chapa michoro yako kwenye karatasi za A3: mpango, longiseksheni, kroseksheni, jedwali la kifusi, na ukurasa mmoja unaoeleza kila namba imetoka wapi. Mpelekee mhandisi aliyewahi kusimamia ujenzi, umwombe aikosoe kwa kalamu nyekundu. Muulize hasa kuhusu mitaro na makutano, kwa sababu hayo huyaona mtu aliyesimama kwenye tope. Rekebisha kila alichoandika, kisha jaza tarehe na maelezo ya marekebisho kwenye kisanduku cha kona ya mchoro, la kwanza uliite A.